GULIO LA KAZI ZA MIKONO: NANI MWENYE LANGO?

Chama cha mafundi kinapoanzishwa, mara nyingi fikira zote huelekezwa katika kazi yenyewe. Wanachama huulizana habari za ukili, udongo, magogo na rangi. Katibu hufungua daftari la wanachama na leja ya hisa. Kamati hutafuta chumba cha kufanyia kazi. Swali la soko huachwa nyuma, kana kwamba kitu kizuri hakikosi mnunuzi. Baada ya mwaka mmoja stoo imejaa vikapu na vinyago, mlanguzi amefika na fedha taslimu mkononi, na bei ni ile aitakayo yeye.

Katika nchi nyingi mafundi wamejaribu kuliondoa tatizo hili kwa njia ya gulio, yaani soko la siku maalumu ambamo mwenye kutengeneza husimama mbele ya meza yake na kumwuzia mnunuzi uso kwa uso. Makala haya yanaeleza jinsi gulio la namna hiyo lilivyokua nchini Marekani. Nchi hiyo husifiwa kwa viwanda vyake vikubwa, lakini soko la kazi za mikono humo lilizaliwa katika dhiki ya wakulima wadogo, na mzazi wake alikuwa ushirika. Jinsi lilivyokua, na jinsi ushirika ulivyopungua ndani yake kadiri lilivyokua, ni jambo linalostahili kuzungumzwa katika mikutano ya vyama.

MAYAI, MBOGA NA VIKAPU

Mwaka 1929 uchumi wa Marekani ulianguka. Viwanda vilifungwa, benki zilifilisika, na bei za mazao zikashuka hata mkulima akashindwa kulipa deni la shamba. Katika wilaya ya Putnam, kaskazini ya jiji la New York, mama mmoja wa ukoo wenye mali, Aileen Osborn Webb, aliona kuwa majirani zake wa vijijini hawakukosa ujuzi wala bidii. Walichokosa ni mahali pa kuuzia. Pamoja na wenzake alianzisha mpango ulioitwa Putnam County Products, uliokusanya mayai, mboga na vitu vilivyotengenezwa kwa mikono majumbani, na kuviuza kwa pamoja. Kazi za mikono hazikuwa pambo wakati huo. Ziliwekwa katika kapu moja na mayai, kwa kuwa zote zilikuwa njia za kupata fedha ya matumizi.

Mahali pengine wazo hilohilo lilichipuka kwa namna nyingine. Katika jimbo la New Hampshire chama cha mafundi kiliundwa mwaka 1932 kwa msaada wa serikali ya jimbo, na mwaka 1933 wanachama wake walifanya maonyesho yao ya kwanza ya kuuza katika bonde la Crawford Notch. Katika milima ya kusini mafundi wa majimbo kadhaa waliungana mwaka 1930, na mwaka 1948 wakafanya gulio lao la kwanza katika mji wa Gatlinburg, jimboni Tennessee. Magulio haya hayakuwa na mwenye mali mmoja. Chama ndicho kilichoyaitisha, na aliyeuza alikuwa mwanachama.

Mwaka 1939 Bibi Webb na wenzake waliunda shirikisho la vyama vya namna hii, wakaliita Handcraft Cooperative League of America, yaani Umoja wa Ushirika wa Kazi za Mikono wa Marekani. Mwaka uliofuata, 1940, shirikisho hilo lilifungua duka katika jiji la New York lililoitwa America House. Hapo fundi wa kijijini, ambaye asingeweza kulipa kodi ya duka mjini hata kwa siku moja, aliweza kupata mnunuzi wa mjini. Mwaka 1941 lilianza kutolewa gazeti la mafundi, Craft Horizons. Baadaye kidogo vyombo hivi vilikusanywa chini ya baraza moja lililobeba neno ushirika katika jina lake. Jina hilo lilibadilishwa mara kadhaa, na kufikia mwaka 1955 neno ushirika halikuwamo tena. Baraza lenyewe linajulikana sasa kwa jina la American Craft Council.

KUTOKA DUKANI KWENDA UWANJANI

Duka la pamoja lina faida zake. Lipo wazi mwaka mzima, linatunza sifa ya mafundi, na fundi haachi kazi yake ili akauze. Lakini lina mzigo wake pia, nao unafahamika kwa kila katibu aliyewahi kusimamia duka la chama. Kodi hulipwa mwezi hata kama mauzo hayakupatikana. Wauzaji hulipwa mshahara. Bidhaa zikipokelewa kwa mali kauli, fundi husubiri fedha zake kwa miezi. Zikinunuliwa taslimu, mtaji wa chama hufungwa katika vitu vilivyokaa rafuni. Zaidi ya hayo, mwenye duka huchagua kile anachodhani kitanunuliwa, na fundi hasikii maneno ya mnunuzi ila kwa kusimuliwa.

Katika miaka ya 1960 idadi ya mafundi Marekani iliongezeka sana. Vijana wengi walijifunza ufinyanzi, ufumaji na usonara vyuoni, na wengine walikimbilia vijijini wakitafuta maisha ya kujitegemea. Duka moja la New York lisingeweza kuwabeba wote. Ndipo mafundi wa kanda ya kaskazini-mashariki ya baraza lile walipokutana mwaka 1966 huko Stowe, mji mdogo wa milimani katika jimbo la Vermont, wakapanga bidhaa zao na kuziuza wenyewe. Gulio hilo likawa la kila mwaka. Lilihamahama ndani ya Vermont kwa miaka michache, likafika Bennington, na mwaka 1973 likavuka mpaka wa jimbo na kwenda Rhinebeck, New York, katika viwanja vilivyozoea kutumiwa kwa maonyesho ya kilimo ya wilaya.

Yafaa kuangalia mfuatano wa matukio. Duka la America House lilifungwa mwaka 1971, baada ya miaka zaidi ya thelathini. Gulio lililoanza kama mkutano wa mafundi wa kanda moja likashika nafasi yake kama mlango mkuu wa soko. Mahema na mabanda ya ng'ombe, yaliyokodishwa kwa siku chache tu, yalifanya kazi ambayo jengo la mjini halikuimudu. Sababu si fumbo. Gharama ya uwanja hulipwa mara moja kwa mwaka, hugawanywa kwa mamia ya meza, na kila fundi hubeba mzigo wa bidhaa zake mwenyewe.

SIKU ZA JUMLA NA SIKU ZA REJAREJA

Jambo lililolikuza gulio la Rhinebeck kuliko mengine yote lilikuwa mpango wa siku. Siku za mwanzo zilitengwa kwa wenye maduka waliokuja kuagiza kwa bei ya jumla. Siku zilizofuata ndipo lango lilipofunguliwa kwa wananchi, nao walinunua kwa bei ya rejareja. Mwaka 1977 baraza lilianzisha gulio jingine la majira ya baridi katika mji wa Baltimore kwa utaratibu huo.

Mpango huu ulibadili maisha ya fundi kwa namna mbili. Kwanza, aliondoka uwanjani akiwa na daftari la maagizo. Mfinyanzi aliyeagizwa mabakuli na maduka ishirini alijua mwezi wa sita atakachofanya mpaka mwezi wa kumi na mbili, aliweza kununua udongo kwa wingi, na aliweza hata kumwajiri msaidizi. Pili, ulimlazimisha kujifunza bei. Mwenye duka hununua kwa nia ya kuuza tena, na desturi ya biashara hiyo ni kuuza karibu mara mbili ya bei aliyonunulia ili alipe kodi, mshahara na hasara ya vitu visivyotoka. Fundi aliyezoea kuuza kikapu chake kwa wapita njia kwa bei ndogo aligundua kuwa bei hiyo haiwezi kugawanywa nusu. Na yule aliyemwuzia mwenye duka kwa bei ya jumla, kisha kesho yake akawauzia wananchi kwa bei ileile, alimwua mteja wake mwenyewe, kwa maana hakuna atakayekwenda dukani kulipa mara mbili.

Kwa hiyo ikawa kanuni: bei ya jumla ndiyo bei ya msingi, nayo lazima iwe na malighafi yote, kazi yote na gharama zote ndani yake, bei ya rejareja hutoka hapo, wala haiteremki chini kwa sababu fundi anauza kwa mkono wake. Sehemu ya ziada ni ujira wa kuuza, na kuuza nako ni kazi.

UGUMU WA KUCHAGUA

Maombi ya meza yalipozidi nafasi, ilibidi kuchagua. Utaratibu uliotumika ulikuwa wa jopo la waamuzi. Fundi alituma slaidi chache za kazi zake, zikaonyeshwa ukutani gizani, na waamuzi wakatoa alama bila kutajiwa jina la mwenye kazi. Waliopata alama za juu waliitwa. Wengine walirudishiwa slaidi zao.

Utaratibu huu ulikuwa na haki yake. Ulizuia upendeleo wa kujuana, ulizuia bidhaa za kiwandani zisiingizwe kwa jina la kazi za mikono, na uliwahakikishia wenye maduka kwamba safari yao haitapotea bure. Sifa ya gulio ikapanda, na mapato ya mafundi pamoja nayo.

Lakini ulikuwa na maumivu yake pia. Slaidi hupima picha kabla ya kupima kitu. Aliyeweza kumlipa mpiga picha mzuri alitangulia mbele ya aliyekuwa na mkono mzuri na kamera mbovu. Aliyechaguliwa mwaka huu hakuwa na hakika ya mwaka ujao, ingawa maagizo yake ya mwaka mzima yalitegemea siku zile chache. Na watu walewale waliokuwa na vyombo rahisi vya jikoni, vya kuuzwa kwa watu wa kawaida, waliona mara kwa mara kwamba jopo hupenda vitu vya kushangaza kuliko vitu vya kutumika. Mtu aliyeingia katika umoja huu kwa mayai na vikapu angeweza sasa kuachwa nje ya lango na umoja uliozaliwa kwa ajili yake.

Gulio liliendelea kukua. Mwaka 1984 lilihamishwa kutoka Rhinebeck kwenda kwenye viwanja vikubwa zaidi vya West Springfield, jimboni Massachusetts. Uendeshaji wake ulikuwa umekwisha kukabidhiwa kwa tawi la kibiashara la baraza, lenye watumishi wa mshahara na bajeti yake. Kazi ilifanyika kwa ustadi. Hata hivyo, fundi wa mezani sasa alikuwa mpangaji wa nafasi. Alilipa ada ya kuomba, akalipa kodi ya meza, na akaondoka.

WALIOBAKI NJE YA LANGO

Kila lango linalofungwa huzaa gulio jingine nje yake. Miaka ya mwanzo ya karne hii lilitokea kundi jipya la vijana mijini: wachapaji wa mabango kwa mkono, washonaji wa mifuko na nguo, watengenezaji wa mapambo ya vitu vilivyokwisha tumika, wachoraji wa kadi. Wengi hawakusoma vyuo vya ufundi. Kazi zao zilikuwa rahisi, za bei nafuu, nusu ufundi na nusu ubunifu wa michoro, na hazikupata nafasi katika maonyesho ya zamani.

Mwaka 2003 wanawake wawili wa Chicago, waliokuwa wakitengeneza vitu vyao wenyewe na kukosa pa kuviuza, waliitisha gulio katika bustani ya Wicker Park na kuliita Renegade, yaani Waasi. Walikuja mafundi wapatao 75. Hapakuwa na baraza nyuma yao wala jengo, na wananchi hawakutozwa kiingilio. Mwaka 2005 gulio hilo lilifanyika Brooklyn, ndani ya bwawa kuu la kuogelea lililokuwa limeachwa bila maji kwa miaka mingi. Mwaka 2008 likafika San Francisco, na mwaka 2011 likavuka bahari hadi London. Katika muda wa miaka minane mkutano wa bustanini ulikuwa umegeuka kuwa kampuni inayoendesha magulio katika miji mingi.

Ukuaji huu ulikuwa na sababu zinazoeleweka. Gulio lilikwenda kwa watu, katika mitaa walimokaa wanunuzi vijana, badala ya kuwangoja viwanjani mbali. Bei zilianzia chini, hata mwenye fedha kidogo aliondoka na kitu mkononi. Sura ya gulio ilikuwa moja, na mnunuzi aliyelipenda mwaka huu alijua atakachokuta mwaka ujao. Tena wauzaji wenyewe walikuwa watangazaji, kwa kuwa kila mmoja aliwaita jamaa, marafiki na wateja wake.

Lakini maombi yalipokuwa mengi, waasi nao walilazimika kuchagua. Wale waliokosa nafasi walinung'unika kama walivyonung'unika watangulizi wao mbele ya slaidi. Na kwa kuwa gulio hili lilikuwa mali ya watu binafsi tangu mwanzo, aliyekataliwa hakuwa na mkutano mkuu wa kupelekea neno lake. Hili halisemwi kwa kuwalaumu waanzilishi, waliohatarisha mali na muda wao na kuwafungulia wengi njia. Linasemwa ili ionekane kwamba kuwa huru mbali na mabaraza ya zamani ni jambo moja, na fundi kuwa na kauli katika soko lake ni jambo jingine.

SOKO LISILO NA UWANJA

Somo hili lilijirudia kwa sauti kubwa zaidi katika soko la intaneti. Mwaka 2005 ilianzishwa huko Brooklyn kampuni ya Etsy, iliyompa fundi meza isiyokunjwa wala kunyeshewa mvua, mbele ya wanunuzi wa dunia nzima. Ada ilikuwa ndogo na sharti lilikuwa wazi: vitu viwe vya mkono, vya kale, au vifaa vya kazi za mikono.

Mwaka 2013 kampuni ililegeza sharti hilo, ikawaruhusu wauzaji kupeleka kazi kwa watengenezaji wengine chini ya masharti fulani. Mwaka 2015 iliuza hisa zake katika soko la hisa, na tangu hapo ikawa na wenye hisa wanaotazamia faida. Sehemu inayokatwa katika kila mauzo ilipandishwa kutoka asilimia 3.5 hadi 5 mwaka 2018, kisha hadi asilimia 6.5 mwaka 2022. Mwezi wa Aprili mwaka huo wauzaji wengi waligoma kwa wiki moja kwa kufunga maduka yao. Ada haikurudishwa chini. Walikuwa na meza lakini hawakuwa na kura.

Baadhi ya waliokutana katika mgomo huo hawakutawanyika. Mwaka 2023 walifungua soko la intaneti linaloitwa Artisans Cooperative, ambalo wanachama wake ndio wenye mali na ndio wenye kupiga kura. Ni soko dogo mno likilinganishwa na lile walilolilalamikia. Hata hivyo, inafaa kuzingatia kwamba baada ya zaidi ya miaka 80, neno ushirika, lililofutwa katika jina la baraza la mafundi, liliandikwa upya na mafundi wengine waliolihitaji.

MIFANO YA KARIBU

Wanachama wa Afrika Mashariki si wageni wa jambo hili. Wachongaji wa Kikamba waliokusanyika Changamwe, Mombasa, waliunda chama chao cha ushirika mwaka 1963. Ilikuwa desturi yao kila kinyago kitiwe namba ya mwanachama aliyekichonga, ili kikiuzwa katika chumba cha pamoja ijulikane fedha ni za nani na chama kikate sehemu yake. Huko Dar es Salaam wanafunzi wa mchoraji Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, waliendelea na kazi yake kwa pamoja, na mwaka 1990 wakajiandikisha kuwa chama cha ushirika.

Upo mfano wa majonzi pia. Viondo vya katani vya Kenya vilipendwa sana ng'ambo katika miaka ya 1970 na 1980. Wanawake wengi waliviuza kupitia wanunuzi wa kati, na hawakumjua mnunuzi wa mwisho wala yeye hakuwajua wao. Ilipotokea mifano iliyofumwa kwa mashine barani Asia na kuuzwa kwa bei ya chini, mnunuzi hakuwa na sababu ya kungoja kiondo cha mkono. Gulio lina faida hii ambayo haionekani katika leja: mnunuzi aliyemwona mfumaji akifuma hadanganyiki kwa urahisi na kitu cha mashine.

HESABU YA MEZA

Gulio si dawa ya kila ugonjwa. Chama kinachotaka kulijaribu yafaa kifanye hesabu kabla ya kukodi gari. Na uchukuliwe mfano wa kubuni wa kikapu kimoja. Ukili na rangi ni Sh. 3,000. Kazi ni siku mbili, kwa Sh. 4,000 kila siku, yaani Sh. 8,000. Sehemu ya kodi ya stoo na mifuko ni Sh. 1,000. Bei ya jumla isipungue Sh. 12,000, na bei ya rejareja iwe Sh. 24,000. Mlanguzi akitoa Sh. 9,000 taslimu, mfumaji akiondoa malighafi na gharama ya stoo hubaki na Sh. 5,000 kwa siku mbili. Ameuza jasho lake kwa Sh. 2,500 kila siku, na huenda hajui.

Sasa mwanachama mmoja aende peke yake katika gulio la siku tatu. Meza ni Sh. 60,000, nauli na malazi Sh. 90,000, na siku zake tatu za kazi Sh. 12,000. Jumla ni Sh. 162,000. Kila kikapu cha rejareja humwachia Sh. 12,000 juu ya bei ya msingi. Hana budi kuuza vikapu 14 ndipo aanze kuona ziada. Akiuza kumi, ingekuwa heri angekaa nyumbani na kumwuzia mwenye duka kwa bei ya jumla.

Wanachama kumi wakikodi meza moja kwa jina la chama na kutuma wauzaji wawili, gharama ni Sh. 60,000 za meza, Sh. 180,000 za safari na Sh. 24,000 za siku za kazi za wauzaji, yaani Sh. 264,000. Vikapu 22 vya rejareja hulipa gharama hizo zote, nayo ni wastani wa vikapu viwili na kidogo kwa kila mwanachama. Hapo ndipo ilipo nguvu ya ushirika, nayo ni hesabu ya kugawanya tu.

MAMBO YA KUZINGATIWA NA VYAMA

Kutokana na historia hii yako mambo machache ambayo makatibu wanaweza kuyafikisha katika kamati zao.

Kwanza, kanuni za kuchagua bidhaa ziandikwe kabla ya maombi kufika, na zipitishwe na mkutano mkuu. Ubora hauna budi kulindwa, kwa kuwa kikapu kimoja kibovu huharibu jina la meza nzima. Lakini kazi ikaguliwe yenyewe mezani, si kwa picha tu, na aliyekataliwa aelezwe sababu na apewe nafasi ya kurekebisha.

Pili, kila kitu kitiwe namba ya fundi, na mauzo yaandikwe kwa stakabadhi siku hiyohiyo. Magomvi mengi baada ya gulio hutokana na kumbukumbu za kichwani.

Tatu, bei ziwe mbili na zijulikane. Mwanachama anayeshusha bei jioni ya mwisho ili asirudi na mzigo huwapunguzia wenzake bei ya mwaka ujao.

Nne, maagizo yapokelewe kwa kiasi ambacho chama kinaweza kutimiza. Agizo lililocheleweshwa hufunga mlango ambao meza ilifungua.

Tano, gulio likikua na kuhitaji watumishi wa mshahara, waajiriwe, maana kazi ya ustadi haifanywi kwa kujitolea milele. Hata hivyo, ada ya meza, sharti la kazi ya mkono na uteuzi wa wakaguzi vibaki mikononi mwa wanachama. Mambo hayo matatu ndiyo lango lenyewe.

Mafundi wa Stowe, wa Wicker Park na wa soko la intaneti walitaka kitu kimoja, yaani mahali pa kusimama na kazi ya mikono yao mbele ya mnunuzi. Wote walikipata. Walichotofautiana ni kauli waliyobaki nayo lango lilipoanza kuwa na thamani. Chama kinachopanga gulio lake la kwanza, hata kama ni la meza sita chini ya mwembe, kina bahati ya kuliamua jambo hilo mapema, kabla mtu yeyote hajawa na sababu ya kuligombania.